Alisema "wakivunja", mimi nikaandika "nitavunja"

Klipu yenyewe ni ya sekunde 41, imerekodiwa na simu yenye kioo kilichopasuka na nusu yake ni upepo. Ni jioni, karibu na kijiwe cha bodaboda huku kwetu Mtwara mjini, siku chache kabla ya ule uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, na anayeongea ni mama mmoja mtu mzima, muuza samaki, aliyekuwa anagombea uenyekiti wa mtaa wetu. Hana spika wala jukwaa, kasimama juu ya kreti la soda. Kuna kijana anamuuliza kuhusu vibanda vya barabarani, maana tetesi za kuondolewa zilikuwepo kitambo, na mama anajibu, nanukuu neno kwa neno kwa sababu hiyo klipu nimeisikiliza mpaka naijua kama wimbo: "Wakivunja vibanda, mimi ntasimama na wenyewe mpaka waoneshwe pa kwenda." Mwisho wa kunukuu.

Mimi sikuwepo pale. Nilikuwa nyumbani nasubiri sukari, na kijana wa boda aliyeileta ndiyo akaniambia huku anatafuta chenji, yule mama wa samaki kasema atavunja vibanda. Basi. Hata sikumuuliza kama alimsikia mwenyewe au na yeye kaambiwa njiani. Nikachukua simu nikaandika kwenye grupu la kwaya, mimi ndiye katibu, watu wananiamini, nikaandika hivi: Mgombea kasema, "Nitavunja vibanda."

Nikaweka na alama za mtajo. Hizo alama ndizo zinaniuma mpaka leo kuliko hata maneno yenyewe, kwa sababu yule kijana aliniambia "atavunja", mimi kwa mkono wangu nikaigeuza kuwa "nitavunja" nikaifungia ndani ya fungua semi na funga semi kana kwamba nilisimama pale kwenye kreti nikamsikia. Kwaya yetu ina watu kama sitini. Kufika saa tatu usiku ujumbe wangu ukanirudia kutoka grupu la wazazi wa shule, umeshawekewa picha ya mama na kale kaalama kanakoonesha umeforwadiwa mara nyingi, na maneno ni yaleyale ya kwangu mpaka nukta.

Na nisidanganye hapa, kilichonifanya niposti haraka vile ni kwamba simtaki. Nilikuwa na mtu wangu, mwanakwaya mwenzetu, na yule mama alikuwa upande wa pili, kwahiyo nilipoambiwa kasema kitu kibaya sikutaka kuhakikisha, nilifurahi. Ndugu zangu Wakristo hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwenye ile furaha ya kusikia kwamba mtu usiyemtaka kasema upumbavu.

Uchaguzi ulipita, mama hakupata. Siwezi kujua kura ngapi zilienda kwa sababu ya maneno yangu, labda tatu, labda hamsini. Ninachokijua ni kwamba wenye vibanda walikuwa wateja wake wa kila siku, mama ntilie wawili watatu pale walikuwa wanachukua samaki kwake asubuhi, na wakaacha. Wiki moja baadaye nikasikia hodi. Yeye, na mjukuu wake kashika simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sikai, samaki nimemwachia mtu." Akasimama palepale mlangoni. "Mimi sijaja kugombana. Wewe ni mtu wa kanisa. Hebu sikiliza na wewe, halafu uniambie nimesema wapi."

Mjukuu akabonyeza. Mara ya kwanza upepo ukanizidi, sikusikia vizuri, nikaomba arudie, na mara ya pili nikasikia "waki". Hiyo "waki" ilivyoingia sikioni nilitamani ardhi ipasuke, yaani mama mzima wa umri wa mama yangu kasimama mlangoni kwangu ananyoosha kidole kwenye simu kila sauti yake ikifika kwenye lile neno, "hapo, umesikia hapo", na mimi natikisa kichwa tu. Hakunitukana, hakudai hata niombe radhi mbele za watu. Alisema tu, "Basi mwanangu, ilikuwa unisikie," akaondoka.

Usiku ule nikaandika kwenye grupu kwamba nilikosea, mama hakusema vile, alisema hivi, nikaweka na klipu. Walioijibu ni wachache, dole gumba chache na mmoja aliyesema Mungu akubariki katibu, halafu mmoja wetu, mtu ninayemheshimu sana, akaandika: "Ila ndicho alichomaanisha."

Nimeishi na hiyo sentensi miezi kadhaa. Nadhani ndiyo sentensi hatari kuliko zote kwenye mabishano ya siasa, kwa sababu inakupa ruhusa ya kumwandikia mwenzako maneno ya mdomo wake halafu umhukumu nayo. Hakusema, lakini tunamjua, watu wa upande ule ndivyo walivyo, kwahiyo kasema. Ukishafika hapo huhitaji tena mtu aongee, unaweza kumsemea mwenyewe ukiwa sebuleni.

Kwaresima iliyofuata tulikuwa tunasoma Marko kwenye mafundisho. Tukafika sura ya 14, Yesu yuko mbele ya baraza usiku, wanatafuta ushahidi wa kumuua hawapati, ndipo wanasimama watu kumshuhudia uongo: "Sisi tulimsikia akisema, Mimi nitalivunja hekalu hili lililofanyika kwa mikono." Nikasita. Nikafungua Yohana 2:19 pale aliposema lile neno lenyewe: "Livunjeni hekalu hili, nami katika siku tatu nitalisimamisha."

Livunjeni. Nitalivunja. Angalieni wenyewe, kitenzi ni kimoja, hekalu ni lilelile, tofauti ni nani anavunja. Yeye aliwaambia ninyi livunjeni, wao wakasema kasema mimi nitalivunja, na ile "Mimi" wakaitanguliza mbele kabisa ili isipotee (kwenye Kigiriki pia iko, watafsiri wa Biblia yetu hawakuiongeza). Na jambo linalonitisha zaidi ni kwamba hawakubuni kila kitu. Siku tatu kweli alizitaja, na hekalu alilitaja. Walichokifanya ni kile nilichokifanya mimi kijiweni bila kuwepo kijiweni, walimbadilisha mtendaji. Yohana anasema alikuwa anazungumzia hekalu la mwili wake, lakini pale barazani nani alikuwa na muda wa kuuliza ulimaanisha nini bwana.

Sikusoma tena siku ile, niliwaachia wengine waendelee. Miaka yote nimekuwa nikikariri amri ya "Usimshuhudie jirani yako uongo" nikidhani inahusu mahakamani, wizi, kesi za mashamba ya mikorosho. Kumbe mashahidi wa Marko 14 wangekuwepo leo wala wasingehitaji kwenda barazani, wangeandika kwenye grupu kama mimi.

Kuna sehemu nyingine ambayo sisikii ikihubiriwa sana, Yohana 21, mwisho kabisa. Petro anamuuliza Yesu kuhusu yule mwanafunzi mwingine, huyu naye itakuwaje, na Yesu anamjibu "Ikiwa nataka huyu akae hata nijapo, imekupasa nini?" Habari ikasambaa kwa ndugu kwamba yule mwanafunzi hafi. Na mwandishi wa injili anasimamisha habari yake yote, amebakiza mistari miwili kitabu kiishe, kusahihisha hiyo nukuu: Yesu hakumwambia kwamba hafi, alisema "ikiwa". Mnaona jambo lenyewe? Uvumi ule wala haukuwa matusi, ulikuwa habari nzuri, umeenezwa na waumini wenyewe, wanaompenda Bwana na wanaompenda yule mwanafunzi. Bado akaona hapana, warudishiwe "ikiwa" yao mahali pake. Kwahiyo hata kumwongezea mtu wako maneno mazuri ambayo hakuyasema nako kuna mwenyewe aliyekukataza.

Mimi ni mtoto wa Masasi. Kanisa letu la Anglikana kule lilianza na watu waliokombolewa utumwani, waliofika na Askofu Edward Steere mwaka 1876, na Steere huyohuyo ndiye aliyekaa Unguja miaka na miaka akiandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Agano Jipya, kazi ya kuhangaika na neno moja moja. Nakumbuka bibi yangu alikuwa hasemi andiko kwa kukisia. Akisahau alikuwa anasema "ngoja niangalie", anaingia ndani, anatoka na kitabu na miwani iliyofungwa uzi. Sisi tuna Biblia kwenye simu, sekunde tano umeshafika kwenye mstari, na bado tunakisia.

Mfano. Ni mara ngapi umesikia jukwaani, tena mgombea kaanza na Bwana Yesu asifiwe, "Biblia inasema sauti ya watu ni sauti ya Mungu"? Biblia haisemi hivyo popote. Ni msemo wa Kilatini, na mmoja wa watu wa zamani kabisa tunaowajua kuuandika ni Alcuin, msomi wa kanisa kutoka York, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 8, naye aliutaja kwenye barua kwa mfalme Charlemagne akimuonya asiwasikilize wanaousema, kwa sababu ghasia za umati ziko karibu sana na wazimu. Na ukitaka andiko la kweli kuhusu sauti ya watu, nenda 1 Samweli 8, pale watu wanalilia mfalme na Mungu anamwambia Samweli awasikilize lakini anajua kabisa kwamba aliyekataliwa ni Yeye. Mimi napenda wananchi wasikilizwe, nataka wasikilizwe, ila tusimtilie Mungu maneno mdomoni ili tushinde kata.

Halafu kuna kunukuu sahihi kabisa lakini kwa mkasi. Shetani kule jangwani kwenye Mathayo 4 alinukuu Zaburi ya 91, hakukosea herufi, malaika, mikono, mguu, jiwe, vyote vipo. Aliruka tu "wakulinde katika njia zako zote". Akaruka njia, akabaki na kuruka kutoka juu ya kinara. Klipu nyingi za wanasiasa zinazotembea sasa hivi ndiyo zilivyo, sauti ni yake, sura ni yake, ila kuna sentensi imekatwa kabla au baada.

Mwaka 2015 tuliona. Mzee wetu Mkapa, mtu wa Lupaso kulekule Masasi, mwandishi wa habari kabla ya urais, alipanda jukwaani Jangwani mwezi wa nane kwenye uzinduzi wa kampeni za CCM akawaita wapumbavu na malofa wale waliokuwa wanasema wanataka kuikomboa nchi, hoja yake ikiwa kwamba ukombozi ulishafanywa na TANU na ASP. Kufika huku ikawa "Mkapa kawaita Watanzania malofa", watu maskini kabisa wanajihesabu wametukanwa. Mimi binafsi ile kauli sikuipenda, ilikuwa kali kwa mzee wa hadhi yake. Lakini ilikuwa kali hivyohivyo ilivyo, ilitosha kukosolewa bila kuongezewa chumvi, na tulioiongezea tuliwapa watetezi wake njia rahisi ya kutokea, wakawa wanajibu "hakuwaita Watanzania wote" badala ya kujibu kwa nini kamtukana mpinzani wake.

Suala la bandari nalo hivyohivyo. Mwaka 2023 ukisimama kwenye kahawa hapa Mtwara, bandari yenyewe ikiwa pale chini unaiona, unasikia "wameuza bandari miaka 100, imeandikwa". Haikuandikwa. Makubaliano ya kuendesha bandari kati ya Tanzania na Dubai ambayo Bunge liliyaridhia tarehe 10 Juni mwaka ule hayakutaja miaka 100, na ibara ya 23, ambayo ndiyo ya muda, ilisema yataendelea kuwa na nguvu mpaka shughuli zote za mradi zikome. Sasa mtu unayepinga, hebu jiulize, ipi nzito zaidi, namba ambayo haipo, au ibara iliyopo isiyo na mwaka wa mwisho? Kila aliyesema "miaka 100" alijibiwa kwa neno moja, uongo, mjadala ukafa hapohapo. Aliyekuja na ibara ya 23 mkononi ilibidi ajibiwe kweli. Mikataba ya utekelezaji iliposainiwa tarehe 22 Oktoba ikatajwa miaka 30. Na maaskofu Wakatoliki wa TEC, baraza lao la Tanzania, walipotoa tamko lao mwezi wa nane likasomwa makanisani, mke wangu ni Mkatoliki nikaenda naye nikalisikia kwa masikio yangu, na wiki nzima baadaye nikawa nabishana na watu wa pande zote mbili waliokuwa wanalinukuu tamko ambalo hawakulisikia wala kulisoma. Mmoja alikuwa analitetea kwa nguvu kweli, kwa maneno ambayo hayamo.

Sisi wa Kusini tungepaswa kujua hili kuliko wengine. Mei 2013 tulikuwepo. Tarehe 22 watu walikuwa wanafuatilia bajeti ya Wizara ya Nishati kutoka Dodoma, suala ni gesi na bomba la kwenda Dar, na ndani ya masaa mji ukawaka, nyumba zikachomwa, jeshi likaingia, watu wakafa. Malalamiko yalikuwa ya kweli na ya muda mrefu, gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982 na sisi hatujaona kitu, hilo silipunguzi hata chembe. Ila nakumbuka meseji za wiki zile, kila mtu ana "wamesema" yake, wamesema watu wa Mtwara hivi, wamesema watu wa Kusini vile, na ukiuliza nani kasema, siku gani, unaonekana umetumwa. Bunge lina hansadi, kila neno la mbunge na waziri linaandikwa, na humohumo bungeni mtu akisema la uongo anaweza kuambiwa athibitishe au afute kauli. Mitaani hakuna wa kutuambia tufute kauli.

Jirani yangu ni ustadhi, anafundisha madrasa nyuma ya nyumba yangu, tunakaa wote barazani jioni akipita muuza kahawa. Nilimsimulia habari ya mama wa samaki yote bila kujificha. Akanyamaza, halafu akanielezea sanad. Kwamba kwao hadithi ya Mtume haipokelewi peke yake, inakuja na mnyororo, fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, na wanazuoni kama Imamu Bukhari walikuwa wanamchunguza kila mtu kwenye ule mnyororo, kumbukumbu yake ikoje, ni mkweli, na kweli aliwahi kukutana na huyo anayedai kamsikia? Mnyororo ukikatika, hadithi inaitwa dhaifu hata kama maneno yake ni matamu. "Sasa wewe," akaniambia, "sanad yako ilikuwa mtu wa boda." Sikuwa na jibu. Mtu wa boda, naye kwa mtu asiyejulikana.

Na Kiswahili chetu wala hakikutunyima kitu. Tuna "eti". Bibi zetu wakisimulia walikuwa wanasema eti fulani kasema, na ile "eti" ilikuwa inakwambia hapa mimi sikuwepo, chukua kwa uangalifu. Tukianza kuandika kwenye simu "eti" inadondoka, sijui kwa nini, labda inaonekana ya kitoto au inapunguza makali. Kama siku ile ningeandika "eti yule mama atavunja vibanda, kuna aliyesikia?" basi angetokea mtu akasema mimi nilikuwepo, hakusema hivyo, na habari ingeishia kwenye grupu la kwaya.

Nikitaka sasa hivi kuposti neno la mwanasiasa, hasa ambaye simpendi, najiuliza kwanza kama ningeweza kumsomea yeye mwenyewe uso kwa uso akasema naam, hivyo ndivyo nilivyosema. Mara nyingi nafuta. Kwenye grupu nikiona nukuu nauliza alisema wapi, lini, na kama kuna anayeijua sentensi ya kabla yake, na wameshanichoka, kuna mwanakwaya ananiita hakimu. Sawa. Niliomba pia tusome Yohana 21 kwenye mafundisho, tukaisoma, tukabishana karibu saa zima juu ya ile "ikiwa".

Kwa mama nilirudi. Nanunua kwake changu Jumamosi, tunaongea habari za bahari na bei, ile habari hatuigusi. Jumamosi iliyopita nikiwa pale akaja yule mwenzetu aliyeandika "ila ndicho alichomaanisha", kaja kununua samaki kama mtu yeyote, akaamkia shikamoo mama, akachagua vibua vinne, kisha akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile klipu bado ninayo. Nilikuwa nayo. Akaweka simu sikioni akiwa amesimama palepale kando ya meza, mama anapara samaki wake, na ilipoisha akairudisha nyuma akaisikiliza tena.